Nguo za Sufu za Wakopti wa Misri: Ushahidi Uliomo Katika Uzi

Herodotus, mwanahistoria Myunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., anasema kwamba Wamisri hawakuingia hekaluni na vazi la sufu, wala hawakumzika mtu nalo. Nguo iliyohesabiwa kuwa safi mbele ya miungu ilikuwa ya kitani. Makaburi ya enzi za Mafarao yanakubaliana na maneno hayo kwa kiasi kikubwa, maana maiti zilizokaushwa kwa dawa zimezongwa vitambaa vingi vya kitani na sufu ni adimu. Lakini katika makaburi ya Misri ya miaka elfu moja baada ya Herodotus mambo yamegeuka kabisa. Wafu wamelazwa mchangani wakiwa na kanzu zilizopambwa kwa sufu nyekundu, ya buluu, ya kijani na ya zambarau, na nyingi za rangi hizo zingali zimeiva hadi leo.

Mavazi hayo ndiyo yaitwayo nguo za Kikopti. Maelfu ya vipande vyake yamo katika majumba ya makumbusho ya Cairo, London, Paris, Berlin, St. Petersburg na New York. Mmojawapo wa mikusanyo mashuhuri ni ule wa Victoria and Albert Museum, London, ambao A. F. Kendrick aliuandikia orodha ya maelezo katika majuzuu matatu yaliyotolewa baina ya mwaka 1920 na 1922. Mtazamaji anayesimama mbele ya kioo huona picha ndogo ndogo za sungura, simba, samaki, wachezaji ngoma, mizabibu, misalaba na watakatifu. Anachokiona kwa nadra ni vazi zima. Kwa nadra zaidi huambiwa kipande kilifukuliwa katika kaburi gani, na kilikuwa mwilini mwa nani. Upungufu huo haukuletwa na mchanga wala na wadudu. Uliletwa na mkasi, na kwa muda mrefu ulizuia hata swali jepesi la umri wa nguo hizo lisipate jibu la kuaminika.

Jina na wakati wake

Neno "Kopti" ni jina la kale la nchi yenyewe. Wayunani waliwaita wenyeji wa Misri Aigyptioi; Waarabu walilifupisha neno hilo likawa Qibt, na baadaye likabaki kuwa jina la Wakristo wa Misri. Lugha yao ya Kikopti ni hatua ya mwisho ya lugha ya Mafarao, iliyoandikwa kwa herufi za Kiyunani pamoja na chache zilizotokana na maandishi ya kale ya Misri.

Nguo zinazoitwa kwa jina hilo huanzia karibu karne ya 3 B.K. na kuendelea mpaka karne ya 12, yaani tangu utawala wa Warumi hadi katikati ya Zama za Kati. Majeshi ya Waarabu yaliingia Misri mwaka 639 na kuimiliki nchi yote miaka michache baadaye, lakini vitanda vya wafumaji havikusimama. Waandishi wa kale wa Kiarabu wanaitaja nguo ya Misri iitwayo qabati, kwa jina la Wakopti, na wanasimulia kwamba Al-Kaaba ilivikwa nguo hiyo katika zama za Khalifa Umar. Huko Fayum, katika karne za 9 na 10, vilifumwa vitambaa vya sufu na kitani vyenye safu za wanyama na maandishi ya Kiarabu, na vingine vyenye maandishi ya Kikopti.

Kwa hiyo yafaa jina "nguo za Kikopti" lichukuliwe kuwa la mazoea tu. Mfumaji aliyefuma kipande fulani yumkini alikuwa Mkristo, Myahudi, Mwislamu au mfuasi wa miungu ya Kiyunani, na uzi hautaji dini ya mwenyewe. Baadhi ya wataalamu wa leo huona bora kusema "nguo za Misri ya mwisho wa zama za kale na mwanzo wa Uislamu". Jina hilo ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Kwa nini sufu?

Katika nguo nyingi za aina hii mtande ni wa kitani. Mtande ni zile nyuzi zinazovutwa na kukazwa kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kazi kuanza. Mshindio, yaani uzi unaopita kati yake na kushindiliwa, ni wa kitani mahali pasipo na pambo, na wa sufu ya rangi mahali penye pambo. Wengi huyadhani mapambo hayo kuwa ni darizi iliyoshonwa juu ya nguo, na sivyo. Pambo limefumwa pamoja na nguo. Kila uzi wa rangi huenda na kurudi ndani ya eneo lake tu, haupiti kutoka ukingo mmoja wa nguo hadi mwingine, nao hushindiliwa kwa nguvu hata mtande wote ukafunikwa. Penye mpaka wa rangi mbili mara nyingine hubaki mwanya mdogo, na mwanya huo ni alama mojawapo ya kuitambua kazi ya namna hii. Vijistari vyembamba vyeupe vya macho, vidole na mikunjo ya nguo vilichorwa kwa uzi wa kitani uliorushwa juu ya mishindio ya sufu wakati wa kufuma.

Sufu ilichaguliwa kwa sababu za kikemia, ingawa mafundi wenyewe hawakuwa na maneno ya kuzieleza. Kitani ni selulosi, sawa na pamba. Molekuli zake hazina sehemu nyingi za kuzishika rangi za mimea, na rangi nyingi humwagika pamoja na maji ya kufulia. Sufu ni protini iitwayo keratini, yenye vikundi vya asidi na vya besi ambavyo hushikamana na molekuli za rangi. Fundi aliloweka sufu kwanza katika maji yenye shabu. Shabu ina ioni za alumini, na ioni hizo hukaa kati ya sufu na rangi na kuzifunga pamoja mithili ya kifundo. Baada ya hapo sufu ilitiwa katika maji ya mizizi ya mmea uitwao kitaalamu Rubia tinctorum, ikatoka nyekundu. Rangi ya manjano ilitokana na mmea Reseda luteola.

Buluu ilikuwa ya nili, nayo hufuata njia nyingine. Nili haiyeyuki majini. Mafundi waliichachusha katika chombo kisichoingiza hewa nyingi, ikageuka kuwa kimiminika cha rangi ya kimanjano kinachopenya ndani ya uzi; uzi ulipotolewa na kukutana na oksijeni, nili ilirudi katika hali yake ya kwanza na kubaki imenaswa ndani. Kwa kuwa nili haihitaji shabu, hata kitani huipokea. Ndiyo maana kitani cha rangi, kikionekana, aghalabu ni cha buluu. Kaniki za zamani za mwambao wa Afrika Mashariki zilipata weusi wake wa kibuluu kwa kanuni hiyo hiyo.

Zambarau ina kisa chake. Zambarau ya kifalme ilitoka kwa konokono wa baharini, na mkemia Paul Friedländer alipotaka kuichunguza mwaka 1909 alihitaji konokono 12,000 ili apate gramu 1.4 tu. Mtu wa kawaida wa Akhmim au Fayum hangeweza kuinunua. Hata hivyo, zambarau imejaa katika nguo za Kikopti. Maelezo yamo katika mafunjo mawili ya lugha ya Kiyunani yaliyopatikana Misri, ambayo sasa yamehifadhiwa Leiden na Stockholm. Yana maagizo mengi ya mafundi wa karne ya 3 na ya 4, na mengi kati yake yanafundisha namna ya kuigiza zambarau kwa rangi rahisi. Katika miaka ya 1930 mkemia Rodolphe Pfister alizichambua nguo za makumbusho huko Ufaransa, akathibitisha kuwa zambarau nyingi ni nyekundu ya mizizi iliyowekwa pamoja na buluu ya nili. Mnunuzi wa wakati ule yumkini alilijua jambo hilo vizuri, naye hakujali.

Kanzu iliyozaliwa nzima

Kanzu ya Kikopti haikukatwa kutoka katika jora. Ilifumwa nzima kwa umbo la msalaba, kuanzia mkono mmoja, kupitia kiwiliwili, hadi mkono wa pili, na tundu la shingo likiachwa katika ufumaji wenyewe. Ilipotolewa kitandani ilikunjwa mabegani na kushonwa ubavuni, basi ikawa tayari. Kazi hiyo ilidai kitanda kipana sana, mara nyingine zaidi ya meta mbili, na fundi aliyejua tangu mwanzo kila pambo litaangukia wapi mwilini. Milia miwili ilishuka kutoka mabegani; miduara au miraba ilikaa mabegani na karibu na magoti; utepe ulizunguka mikono. Kiunoni mara nyingi palikuwa na upindo uliofupisha vazi.

Mapambo yalidumu kuliko kanzu. Kitani kilipochakaa, duara la sufu lilikatwa na kushonwa juu ya nguo mpya. Kipande kimoja kwa hiyo chaweza kuwa na umri wa namna mbili, na mchunguzi asiyetazama mshono atakosea.

Miongoni mwa miduara ya kupendeza ni ile ya kisa cha Yusufu, inayokadiriwa kuwa ya baina ya karne ya 7 na ya 9. Majumba kadhaa ya makumbusho yana mifano yake. Juu ya sufu nyekundu huonekana Yusufu akiota ndoto ya jua, mwezi na nyota, kisha kisima, kisha ndugu zake wakimuuza. Baadhi ya miduara hiyo hufanana mno hata wataalamu wakaona kuwa ilinakili mfano mmoja. Hapana shaka kisa hicho kilifaa kuvaliwa katika nchi ambamo Wakristo na Waislamu waliishi pamoja, kwani wote wanakijua. Tena ni kisa ambamo nguo hutoa ushahidi mara mbili: katika Biblia vazi lililochovywa damu lawasilishwa kwa baba mzee, na katika Kurani kanzu iliyoraruliwa nyuma yamtoa Yusufu katika tuhuma.

Mkasi wa wafanyabiashara

Nguo hizi zilidumu kwa sababu mbili. Kuanzia karne ya 4 desturi ya kuwakausha wafu ilififia, na watu wakazikwa na mavazi yao ya kila siku, wengine wakifunikwa mapazia ya nyumbani. Pili, makaburi yalichimbwa ukingoni mwa jangwa, mbali na mafuriko ya Nile, na mchanga mkavu uliwanyima bakteria na ukungu maji wanayoyahitaji.

Mwaka 1884 makaburi makubwa yaligunduliwa Akhmim, Misri ya Juu, wakati Gaston Maspero alipokuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale. Habari zilienea upesi. Wachimbaji na wafanyabiashara waliyavamia makaburi ya Akhmim na Fayum, na tangu 1896 Albert Gayet alichimba Antinoe kwa niaba ya Wafaransa na kutoa vitu kwa wingi mkubwa. Kilichotakiwa Ulaya kilikuwa picha ya rangi. Kitani kisicho na pambo, kilicholowa majimaji ya maiti, hakikuwa na mnunuzi. Kwa hiyo miduara na milia ilikatwa, ikaoshwa, ikabandikwa kwa gundi juu ya kadibodi, na sehemu iliyobaki ikatupwa. Kanzu moja iliweza kutoa vipande sita au zaidi na kuuzwa katika miji mitatu tofauti.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kanzu iliyopimwa ikiwa kaburini ingeonyesha kimo cha aliyeivaa, kama alikuwa mwanamume, mwanamke au mtoto, na vyombo au sarafu zilizokuwa kando yake zingeonyesha wakati wake. Kipande kilichobandikwa kadibodi hakisemi lolote katika hayo. Wakuu wa makumbusho, kwa kukosa ushahidi mwingine, walikisia umri kwa macho. Picha yenye miili iliyochorwa kwa uhalisi wa Kiyunani ilipewa karne ya 3 au ya 4. Picha yenye vichwa vikubwa na macho ya mviringo ilisukumwa hadi karne ya 7 au ya 8. Dhana iliyojificha humo ni kwamba sanaa huanza vizuri kisha huharibika kwa mwendo uliopangika. Hakuna aliyewahi kuithibitisha dhana hiyo, na kijiji kimoja chaweza kuwa na fundi hodari na fundi mvivu katika mwaka mmoja.

Uzi unapoulizwa

Ushahidi wa kwanza hauhitaji mtambo. Uzi ukishikwa wima na kutazamwa kwa lenzi, msokoto wake huelekea upande mmoja kati ya pande mbili: kama mstari wa kati wa herufi S, au kama mstari wa kati wa herufi Z. Nyuzinyuzi za kitani zinapokauka hujipinda zenyewe kuelekea S, na Wamisri walisokota kwa kuufuata mwelekeo huo. Mazoea hayo yalihamia katika sufu, ingawa sufu yenyewe haiulazimishi mkono. Nchi nyingine nyingi zilisokota kwa Z. Kwa hiyo kipande cha sufu chenye msokoto wa Z kilichofukuliwa Misri humfanya mchunguzi ajiulize kama kilitoka ng'ambo.

Ushahidi wa pili ni rangi. Kipande cha uzi chenye urefu wa milimeta chache huyeyushwa rangi yake, na kromatografia huzitenganisha molekuli zake moja moja. Alizarini na purpurini zikionekana pamoja, nyekundu hiyo ni ya mizizi. Asidi za lakiri zikionekana, imetoka kwa mdudu mdogo wa India na Asia ya Kusini-Mashariki, yule yule ambaye utomvu wake umetumika kupiga mihuri ya barua na kupakwa samani. Pfister aliona kuwa lakiri hujitokeza hasa katika nguo za baada ya kuingia Waarabu, wakati bidhaa za Bahari ya Hindi zilipofika Misri kwa wingi kupitia Bahari ya Shamu. Ni ishara ya wakati tu, wala si hukumu. Biashara hiyo ya nguo na rangi haikwenda upande mmoja: Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa mpaka Misri.

Siku hizi hata ule uzi mfupi si lazima ukatwe. Mwaka 2018 wachunguzi wa British Museum walitoa matokeo ya kupiga picha soksi ya mtoto, ya sufu yenye milia, iliyotoka katika jalala la Antinoe na kukadiriwa kuwa ya karibu mwaka 300. Katika mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, nyekundu ya mizizi hutoa mwanga wake wenyewe. Katika mionzi ya infraredi nili hujitenga na rangi nyingine za buluu. Ilibainika kuwa milia yote ya soksi hiyo ilitokana na rangi tatu tu, nyekundu, buluu na manjano, zilizochanganywa kwa ustadi.

Ushahidi wa tatu, na mzito kuliko yote katika suala la umri, ni kaboni-14. Kondoo hula majani yenye kaboni hiyo kutoka hewani, na sufu yake huwa nayo. Sufu ikishakatwa, haiongezeki tena, bali hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730. Uzi wa miaka 1,300 hubakiwa na takriban asilimia 85. Sufu ina faida kuliko mbao, kwani manyoya ya kondoo ni ya mwaka mmoja au miwili, ilhali kiini cha mti kinaweza kuwa na mamia ya miaka kabla ya kukatwa. Zamani kipimo hicho kilidai kuchomwa kwa gramu kadhaa za nguo, na hakuna makumbusho iliyokubali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo imeweza kuhesabu atomu zenyewe, na miligramu chache zatosha.

Vipande vingi vimepimwa kwa njia hiyo. Vingine vililingana na makisio ya zamani, na vingine vikatofautiana nayo kwa karne kadhaa. Miongoni mwake zimo picha za miungu ya Kiyunani ambazo zilionekana kuwa za kale, nazo zikatokea kuwa zilifumwa wakati Ukristo ulipokwisha kukomaa nchini. Kipimo kina mipaka yake. Jibu huja katika upana wa miongo kadhaa, mara nyingine karne nzima au zaidi, na gundi ya wafanyabiashara huongeza kaboni ngeni ambayo lazima iondolewe kwanza.

Jaribio kwa darasa

Tofauti baina ya sufu na selulosi yaweza kuonyeshwa shuleni. Maganda makavu ya vitunguu yachemshwe kwa nusu saa na kuchujwa. Uzi mweupe wa sufu halisi na uzi mweupe wa pamba vilowekwe pamoja katika maji ya moto yenye shabu kidogo, kisha vitiwe katika maji ya maganda kwa saa moja juu ya moto mdogo, bila kutokota, na mwisho vioshwe kwa sabuni. Sufu hubaki na rangi ya machungwa iliyokolea, na pamba hubaki hafifu. Wanafunzi wenye lenzi waweza pia kuchomoa nyuzi kutoka katika gunia, kanga na sweta, na kuandika kila moja imesokotwa kwa S au kwa Z.

Adui mkubwa wa sufu hiyo leo ni mwanga. Manjano huvunjika upesi kuliko nili, na majani mengi ya mizabibu ambayo sasa ni ya buluu yalifumwa yakiwa kijani. Ndiyo sababu vyumba vya maonyesho huwa na giza kidogo, mwanga ukizuiwa usizidi takriban luksi 50, na vipande hubadilishwa zamu. Vinavyopumzika hulazwa bapa katika droo. Mabaki ya kitani yasiyo na pambo, ambayo mfanyabiashara wa 1890 angeyatupa, huhifadhiwa pamoja navyo, maana mara nyingine ukingo wa nguo umo humo, nao huonyesha pambo lilikaa wapi katika kanzu na kanzu yenyewe ilikuwa na upana gani.